Leseni ifunge mlango wa ugonjwa, isifunge biashara

WAFANYABIASHARA wanapolipia leseni katika ofisi za kaunti, karatasi wanayopewa hueleza mengi: jina la biashara, mahali ilipo, aina ya kazi na ada iliyolipwa. Jambo moja halimo. Karatasi hiyo haimwambii mwenye bucha, kinyozi, mwenye mkahawa au muuzaji wa pembejeo atakachotakiwa kufanya siku ugonjwa wa kuambukiza utakapotangazwa. Wala haimpi hakikisho kwamba akitimiza masharti ataachwa aendelee kuuza.

Pengo hilo liliwagharimu wengi mnamo 2020. Litawagharimu tena lisipozibwa sasa, wakati hakuna kafyu wala vizuizi barabarani.

Kisa cha kwanza cha Covid-19 humu nchini kilitangazwa Machi 13, 2020. Katika muda wa wiki mbili, baa zilikuwa zimefungwa, mikahawa imeamriwa kuuza chakula cha kubeba pekee, na kafyu ya kuanzia saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri imeanza. Mwezi uliofuata watu walizuiwa kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake, kisha Mombasa, Kilifi na Kwale. Kaunti kadhaa zilifunga masoko ya wazi na minada ya mifugo.

Mkulima wa kabeji Nyandarua au wa nyanya Kirinyaga aliambiwa kwamba lori lake lina ruhusa ya kupita, kwa kuwa chakula kilihesabiwa kuwa bidhaa muhimu. Ruhusa hiyo haikumsaidia sana. Shule zilikuwa zimefungwa, mikahawa haikuwa na wateja, na biashara ya Soko la Wakulima jijini Nairobi, ambayo kwa kawaida huanza kabla ya mapambazuko, ilibanwa na saa za kafyu. Mlango wa mkahawa ukifungwa mjini, shamba nalo hufungwa kijijini, hata kama hakuna askari aliyesimama langoni.

Serikali ilijaribu kuleta nafuu. Kodi ya mauzo inayotozwa biashara ndogo ilipunguzwa kutoka asilimia 3 hadi asilimia 1 mnamo Aprili 2020. Nafuu hiyo ilikuwa na maana kwa aliyekuwa akiuza. Asiyeuza hana kodi ya kupunguziwa.

Mikahawa iliruhusiwa kufunguliwa tena kuanzia Aprili 27, 2020, kwa masharti. Wafanyakazi walitakiwa kupimwa kwanza, wateja wakae umbali wa mita 1.5, chakula kisiwe cha kujipakulia, na milango ifungwe saa kumi jioni. Hoteli kubwa yenye bustani na meneja wa kushughulikia makaratasi iliweza kujipanga. Mwenye chumba kimoja chenye meza tatu, aliyepata habari hizo kupitia redio kama watu wengine wote, hakujua aanzie wapi. Kwake yeye masharti hayo hayakuwa tofauti sana na amri ya kufunga.

Si haki kuwalaumu maafisa wa afya kwa mambo ambayo sayansi yenyewe ilikuwa haijayafahamu wakati huo. Ugonjwa ulikuwa mgeni na hofu ilikuwa kubwa. Lakini miaka imepita. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza Mei 5, 2023, kwamba Covid-19 si dharura ya dunia tena. Yaliyofunzwa yanajulikana, na hakuna sababu ya wafanyabiashara kukutwa tena bila kuelezwa chochote.

Funzo kubwa kuliko yote ni kwamba kila ugonjwa una mlango wake. Kanuni isiyolenga mlango huo humtia mfanyabiashara gharama bila kumkinga yeye wala mteja.

Covid-19 ilitumia mlango wa hewa. Virusi vilienea zaidi pale watu walipokaa karibu karibu ndani ya chumba kisichopitisha hewa. Aprili 2021, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilieleza kuwa uwezekano wa mtu kuambukizwa kwa kugusa kitu chenye virusi hivyo ni chini ya mara moja kati ya kila mara 10,000. Hata hivyo, fedha nyingi zilimwagwa katika kufuta meza, kupulizia barabara dawa na kujenga vibanda vya kuwanyunyizia watu dawa kwenye milango ya baadhi ya masoko. WHO ilikuwa imeonya tangu Mei 2020 kwamba kumnyunyizia mtu dawa hizo hakumkingi, na kunaweza kumdhuru macho, ngozi na njia ya hewa.

Kwa hivyo palikuwa na mikahawa yenye mtungi wa maji mlangoni, sabuni na sanitaiza mezani, lakini madirisha yake yamefungwa na wateja wamebanana. Sharti lilikuwa limetimizwa, ila ugonjwa uliachiwa mlango wazi. Kwa magonjwa ya hewa, kikiwemo kifua kikuu ambacho hakijawahi kuondoka, kinachofaa zaidi ni kufungua madirisha ya pande mbili, kutoa meza nje kwenye kivuli, kupunguza idadi ya watu ndani na kuvaa barakoa panapokuwa na msongamano. Kufungua dirisha hakulipiwi.

Mpox nao una mlango mwingine. Kisa cha kwanza nchini kilitangazwa Julai 31, 2024, baada ya msafiri kugunduliwa katika kituo cha mpakani cha Taveta. Ugonjwa huo huenea hasa kwa ngozi kugusana na ngozi yenye vidonda, na pia kupitia nguo, taulo na matandiko yaliyotumiwa na mgonjwa. Hapa umbali wa meza hausaidii sana. Wanaohusika kwanza ni vinyozi, wasusi, wakandaji na wenye nyumba za kulala wageni kando ya barabara kuu wanamopita madereva wa malori. Kinyozi anayetumia taulo moja kwa wateja 10 ana hatari ambayo mtungi wa maji mlangoni hauwezi kuiondoa. Mwenye gesti anayebadilisha shuka kwa kila mgeni na kuzifua kwa sabuni na maji moto amefunga mlango kweli kweli.

Kipindupindu hupitia tumboni. Mlipuko ulioanza Oktoba 2022 uliwakumbusha Wakenya kwamba maji machafu na mikono isiyooshwa bado huua. Kwa ugonjwa huu, ule mtungi wa maji ya kutiririka na sabuni ndio silaha yenyewe. Muuzaji wa chakula, wa maji na wa matunda yaliyokatwa ndiye mlinzi wa kwanza, na mahali pasipo choo cha wachuuzi hapawezi kuitwa soko salama hata kama ushuru unakusanywa kila asubuhi.

Kisha kuna mlango wa damu. Homa ya Bonde la Ufa imezuka mara kadhaa nchini, hasa baada ya mvua kubwa: 1997 na 1998, 2006 na 2007, na tena 2018 katika Kaunti ya Wajir. Mlipuko wa 2006 na 2007 uliua zaidi ya watu 150 nchini. Mbali na kuambukizwa na mbu, watu huupata ugonjwa huu kwa kushika damu, nyama mbichi au mimba zilizotoka za wanyama wagonjwa. Wanaosimama mlangoni hapo ni wachinjaji, wenye bucha, wachungaji na madaktari wa mifugo. Kinga yao ni glavu, aproni, buti za mpira na, zaidi ya yote, kukataa kuchinja mnyama mgonjwa.

Wataalamu nao hawajaachwa nje. Daktari wa mifugo au msaidizi wake anayetumia sindano moja kuchanja zizi zima wakati ugonjwa umekwisha kuingia, anaweza kuubeba kutoka kwa ng'ombe mmoja hadi mwingine kwa mkono wake mwenyewe. Ndiyo maana chanjo ya homa ya Bonde la Ufa, ambayo hutengenezwa humu nchini na taasisi ya KEVEVAPI, inafaa kutolewa kabla ya mvua kubwa, si baada ya mimba kuanza kutoka. Bodi inayompa mtaalamu huyo leseni ya kila mwaka ina nafasi nzuri ya kumkumbusha hayo kwa maandishi anapokuja kuihuisha.

Milango hiyo minne inaonyesha kwa nini amri moja kwa biashara zote haifai. Duka la pembejeo halifanani na kichinjio, na kinyozi hafanani na muuza samaki. Kila kazi ingepaswa kuwa na ukurasa wake mmoja, ulioandikwa kwa Kiswahili chepesi na kubandikwa ukutani kando ya leseni. Ukurasa huo ueleze la kufanya ugonjwa ukiwa wa hewa, wa mguso, wa tumbo au wa damu. Siku ya tangazo, afisa atasema tu ni mlango upi unaofungwa, na kila mwenye biashara atajua zamu yake.

Hatua hiyo si ngeni katika sheria. Wanaoshughulika na chakula tayari hutakiwa kupimwa na kupata cheti cha afya kila baada ya miezi 6. Nyama hairuhusiwi kuuzwa bila muhuri wa mkaguzi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Sheria ya Afya ya Umma inawapa maafisa uwezo wa kuchukua hatua magonjwa yanapozuka. Kinachokosekana ni kuyaunganisha hayo yote na leseni, mapema, kwa lugha ambayo mwenye kibanda anaielewa.

Kinachokosekana pia ni ahadi ya upande wa pili. Mwenye leseni aliyekaguliwa na kuonekana ametimiza masharti ya ukurasa wake aruhusiwe kuendelea na kazi ugonjwa utakapozuka, hata kama ni kwa idadi ndogo ya wateja au saa chache. Afungiwe tu ikiwa ugonjwa umepatikana ndani ya biashara yake, au amekaidi masharti, au hali imekuwa mbaya kiasi kwamba hakuna budi. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Ikiwa aliyenunua glavu na kufungua madirisha atafungiwa sawa na asiyefanya lolote, mwakani hakuna atakayenunua glavu.

Mfano wa faida ya kujipanga mapema ulionekana mipakani. Mei 2020, malori yalipanga foleni za kilomita nyingi Malaba na Busia madereva wakisubiri kupimwa na kupewa majibu. Shehena zilikwama na gharama ikapanda. Baadaye Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia madereva na shehena, ili cheti cha kipimo kilichotolewa katika nchi moja kitambuliwe katika nchi nyingine. Ugonjwa ulikuwa ni ule ule na barabara ni ile ile. Kilichobadilika ni kuwapo kwa karatasi inayoaminiwa na pande zote. Mwenye bucha wa Narok anahitaji karatasi ya aina hiyo kama anavyoihitaji dereva.

Kuna watakaosema kwamba mfanyabiashara mdogo hana uwezo wa kugharimia mambo haya. Ni kweli kwamba kila shilingi ina kazi yake. Lakini mengi yaliyotajwa hapa ni ya bei nafuu. Dawa ya klorini ya asilimia 3.5 inayouzwa madukani kwa ajili ya kufulia, ikichanganywa lita 1 kwa lita 34 za maji, hutoa dawa yenye nguvu ya asilimia 0.1 inayofaa kusafishia meza, visu na sakafu. Kwa mtungi wa lita 20, zinahitajika mililita 570 hivi, kisha unajazwa maji. Dawa hiyo itengenezwe upya kila siku, isichanganywe na dawa nyingine, na meza ioshwe kwa sabuni kwanza kwa sababu klorini hupungua nguvu ikikutana na uchafu na damu. Haifai kunawia mikono, kwani kwa mikono sabuni na maji hutosha.

Penye gharama kubwa, kaunti haina budi kubeba sehemu yake. Wachuuzi hulipa ushuru wa soko kila siku. Fedha hizo ndizo zinazopaswa kurudi sokoni kama mabomba ya maji, vyoo na mapaa yanayopitisha hewa. Haiwezekani kumtoza mama mboga kila asubuhi, kisha kumtoza faini kwa kukosa maji ya kunawa katika soko ambalo kaunti haijawahi kulipelekea bomba.

Wengine watasema masharti zaidi ni chambo zaidi cha hongo. Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2020 kutovaa barakoa hadharani kulikuwa na faini ya hadi Sh20,000 au kifungo cha miezi 6, na sheria yenye adhabu kubwa kuliko mtaji wa mtu humtia kishawishi anayeitekeleza na anayeivunja. Dawa ya hongo ni masharti kuwa machache, ya wazi, na kubandikwa pale mteja anapoweza kuyasoma. Ziara ya kwanza ya afisa iwe ya kufundisha na kuandika kasoro, kwa muda maalumu wa kurekebisha. Faini ifuate baadaye. Mwenye biashara anayejua masharti yake kwa moyo ni vigumu kumtisha kwa sharti lililobuniwa njiani.

Wapo pia wasio na leseni. Mwenye bucha analalamika kuwa yeye hukaguliwa ilhali mwenzake anauza nyama ya kuchinjwa kichakani nyuma ya stendi. Malalamiko hayo ni ya haki, na jibu lake si kulegeza masharti kwa wote. Leseni ikiwa na faida, yaani ikimhakikishia mtu kwamba hatafungiwa kiholela wakati wa janga, wengi waliokuwa wakiikwepa watakuwa na sababu ya kuitafuta. Leo leseni kwa wengi ni risiti ya kumwonyesha askari wa kaunti, na risiti haimvutii mtu.

Faida nyingine kubwa ni imani ya mteja, na hapa wakulima wana jambo la kukumbuka. Kati ya mwisho wa 2005 na mwanzo wa 2006, dunia ilikuwa na hofu ya homa ya ndege. Kenya haikupata kisa hata kimoja cha ugonjwa huo, lakini walaji waliacha kununua kuku, na wafugaji wakapata hasara kwa ugonjwa ambao haukuwahi kufika katika mabanda yao. Mwaka mmoja baadaye, homa ya Bonde la Ufa iliwafanya watu waogope hata nyama iliyopigwa muhuri. Samaki mmoja akioza, wote wameoza: mlaji akishaogopa hachagui bucha safi na bucha chafu, anaziacha zote.

Mteja hana maabara, ana macho tu. Akiona mwenye bucha ana aproni safi, muhuri kwenye nyama, ukurasa wa masharti ukutani na tarehe ya ukaguzi wa mwisho, ana sababu ya kuingia. Asipoona chochote, atasikiliza uvumi. Na uvumi ukishinda sokoni, bei ya ng'ombe hushuka mnadani, maziwa humwagwa, na mayai hukaa stoo hadi yaharibike. Ndiyo maana suala hili si la wenye maduka mjini peke yao. Mfugaji wa Kajiado ana haja ya kuuliza bucha anayoiuzia ina kanuni gani, kwa sababu kufungwa kwake ni kufungwa kwa soko lake.

Wafanyabiashara wenyewe hawana sababu ya kungoja kaunti. Chama cha wenye bucha katika mji mmoja kinaweza kuketi na afisa wa afya ya umma na mkaguzi wa nyama, wakaandika ukurasa wao na kukubaliana nani atakagua na lini. Vinyozi wa stendi moja wanaweza kukubaliana kuwa taulo moja ni kwa kichwa kimoja, na kwamba mashine husafishwa kwa spiriti mbele ya mteja. Vyama vya ushirika vya maziwa, ambavyo tayari hupima maziwa kila asubuhi, vinaweza kuongeza utaratibu wa wapokeaji kutosongamana ndani ya chumba kimoja. Makubaliano ya aina hiyo, yakiwa na sahihi na tarehe, yatakuwa vigumu kwa serikali yoyote kuyapuuza siku ya tangazo.

Mabunge ya kaunti hupitisha sheria ya fedha kila mwaka, nayo ndiyo huweka ada za leseni. Sheria hiyo pia hujadiliwa na wananchi kabla ya kupitishwa, ingawa mikutano hiyo mara nyingi huhudhuriwa na wachache. Hapo ndipo pa kudai mambo mawili: ukurasa wa masharti kwa kila aina ya biashara, na ahadi ya kutofungiwa kwa aliyeyatimiza. Ugonjwa ujao hautatoa notisi ya miezi mitatu. Mwenye biashara atakayekuwa na ukurasa wake ukutani siku hiyo atakuwa na neno la kumwambia askari anayekuja na kufuli. Asiyekuwa nao atatoa funguo.